Fahamu udongo wa shamba lako kabla ya kununua mbolea

KILA mwaka mvua ya masika inapokaribia, wakulima hupiga foleni katika maghala na maduka ya pembejeo wakisubiri mbolea. Wengi wao huitisha majina yale yale waliyozoea wazazi wao: DAP ya kupandia, na CAN ya kukuzia mahindi yanapofika magotini. Ni wachache mno wanaojiuliza iwapo udongo utakaopokea mbolea hiyo unaihitaji, au hata kama una uwezo wa kuipokea.

Matokeo yake huonekana baada ya wiki chache tu. Mahindi huota vizuri, kisha hudumaa, na kingo za majani hugeuka rangi ya zambarau. Mkulima hulaumu mbegu, hulaumu mvua, au husema kwamba aliuziwa mbolea bandia. Huenda mojawapo ya lawama hizo ni ya haki. Hata hivyo, aking'oa mche mmoja na kuuosha mizizi, mara nyingi atapata kwamba mizizi hiyo ni mifupi, minene na iliyovia, bila vile vinyweleo vyembamba ambavyo mmea huvitumia kufyonza chakula. Hapo kosa si la mbegu wala la mbolea. Udongo umezidiwa na asidi, na fosforasi aliyoinunua kwa bei ghali imefungiwa humo humo ardhini, mmea usiweze kuifikia.

Makala haya yanaeleza jinsi mkulima, awe ni wa ekari 10 katika Kaunti ya Trans Nzoia au wa bustani ndogo nyuma ya nyumba yake Kitengela, anavyoweza kuutambua udongo wake kabla ya kutoa hata shilingi moja mfukoni.

NCHI MOJA, UDONGO WA AINA NYINGI

Ramani ya udongo wa Kenya nzima iliyotolewa mwaka wa 1982 na wataalamu wa Kabete ilichorwa kwa kipimo cha moja kwa milioni moja, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita 10 za ardhi. Ramani kama hiyo haiwezi kumwonyesha mtu shamba lake, lakini inatosha kumweleza anaishi katika udongo wa asili gani.

Katika miinuko ya Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru na Kisii, udongo mwingi ni mwekundu, wenye kina kirefu, uliotokana na miamba ya volkano. Hupitisha maji vizuri na haumchoshi mwenye jembe. Ndio uliobeba kahawa na chai ya nchi hii. Kasoro yake ni kwamba hushikilia fosforasi kwa nguvu, hivyo mbolea iliyotawanywa ovyo hupotea, ilhali ile iliyowekwa shimoni karibu na mbegu, pamoja na konzi ya samadi, humfaa mmea. Ukipanda juu zaidi kuelekea misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, unakutana na udongo mweusi, mwepesi mkononi, uliotokana na majivu ya volkano. Huko ndiko kwenye viazi na chai.

Uasin Gishu, Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega, Busia na Siaya zina sehemu kubwa za udongo mkongwe ambao mvua imeuosha kwa maelfu ya miaka. Kwa macho hauna ubaya wowote. Ni mwekundu au wa rangi ya kahawia, na hulimika kwa urahisi. Lakini kalisi na magnesi zimekwisha kuteremka na maji hadi mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki.

Mwea, nyanda za Kano na mbuga za Athi zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono wa mtu, na mvua inyeshapo huvimba na kunata kwenye viatu hadi mtu akashindwa kutembea. Udongo huu kwa kawaida hauna tatizo la asidi wala upungufu wa kalisi. Tatizo lake ni maji: hayapenyi, na yakishapenya hayatoki. Ndiyo sababu mpunga umestawi Mwea na Ahero, ambako sifa hiyo iliyo laana kwa mwenye mahindi imegeuzwa kuwa baraka.

Machakos, Makueni na Kitui zina udongo mwingi wa kichanga wenye uhaba wa mboji. Matone ya mvua ya kwanza huupiga na kufanya utando mgumu juu, na mvua inayofuata huteleza ikateremka bondeni na udongo wenyewe. Wakulima wa Ukambani walijibu kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, na mbinu hiyo ya "fanya juu" imeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote kwa jina lake hilo hilo la Kiswahili. Pwani, mchanga ni mwingi na hauhifadhi maji wala chakula cha mmea, jambo ambalo minazi, mikorosho na mihogo huvumilia kuliko mahindi. Karibu na bahari, palipo na mwamba wa matumbawe chini, kumwaga chokaa ni kupeleka maji baharini, kwani udongo tayari umejaa chokaa. Nako Turkana, Garissa na sehemu kavu za Bonde la Ufa, adui ni chumvi, hasa panapomwagiliwa maji ya visima. Utando mweupe ukionekana juu ya udongo uliokauka, chokaa si dawa. Panapohitajika tiba ni jasi na mitaro ya kuondolea maji.

Tofauti hizi hazingoji mipaka ya kaunti. Katika mashamba yale membamba ya Murang'a yanayoteremka kutoka barabarani hadi mtoni, udongo wa juu huwa mwekundu, wa katikati umemomonyoka, na wa chini karibu na mto ni wa kijivu au mweusi wenye unyevu. Mwenye shamba la aina hiyo ana mashamba matatu, na anapaswa kuyahudumia kama matatu.

VIPIMO VISIVYOGHARIMU CHOCHOTE

Kipimo cha kwanza ni cha vidole. Chukua udongo kiasi cha yai, uutie maji kidogo kidogo huku ukiukanda kama unga wa chapati, kisha uusukume kwa kidole gumba ili utoke kama utepe. Usiposhikana kabisa, huo ni wa kichanga. Ukitoa utepe mfupi unaokatika baada ya sentimita mbili au tatu, huo ni tifutifu, ambao kila mkulima angeutamani. Utepe mrefu wenye kung'aa na kunata ni dalili ya mfinyanzi.

Anayetaka uhakika zaidi atie udongo katika chupa ya kioo hadi theluthi moja, aongeze maji, atikise kwa nguvu na kuiacha mezani. Mchanga hutua katika dakika moja hivi. Udongo laini wa katikati hufuata baada ya saa chache, na mfinyanzi hukawia siku nzima au zaidi ndipo maji yawe maangavu. Matabaka yakishatua, yapime kwa rula.

Baadaye chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yanywewe yote, kisha ulijaze mara ya pili. Maji ya mara ya pili yakikauka kwa dakika chache, shamba halitunzi maji na linahitaji mboji kwa wingi. Yakilala humo hadi kesho yake, mizizi ya maparachichi, pasheni au nyanya itaoza. Shimo hilo hilo likuonyeshe pia kama kuna tabaka gumu. Mashamba yaliyolimwa kwa trekta miaka mingi kwa kina kile kile huwa na sakafu ngumu chini, na mizizi ikifika hapo hupinda na kwenda kando.

Magugu nayo husema. Mchicha wa porini na kongwe vinavyositawi bila kupandwa ni dalili ya rutuba, hasa palipokuwa boma la ng'ombe. Kangaga likitanda, shuku asidi. Katika Nyanza na Magharibi, gugu lenye maua ya zambarau linaloitwa kayongo, ambalo hunyonya mizizi ya mahindi na mtama, hukithiri katika mashamba yaliyochoka kwa kukosa naitrojeni. Lakini dalili hizi ni za kuzusha swali tu. Nimewasikia wengi wakiapa kwamba udongo mweusi ni wenye rutuba na mwekundu ni maskini. Rangi haitoshi. Kuna mweusi unaozalisha haba na mwekundu ambao umelisha familia kwa vizazi.

ASIDI, ADUI ASIYEONEKANA

Asidi ya udongo hupimwa kwa kipimo cha pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Saba ndiyo katikati. Chini ya saba ni asidi, na juu yake ni alikali. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila nambari moja inaposhuka, asidi huongezeka mara 10. Kwa hiyo udongo wa pH 5 una asidi mara 10 kuliko wa pH 6, na mara 100 kuliko wa pH 7. Mkulima anayeambiwa kwamba shamba lake limetoka 6 hadi 5 asidhani hilo ni badiliko dogo.

Mahindi hupenda kati ya 5.5 na 7. Maharagwe, kabichi na vitunguu hutaka 6 au zaidi kidogo. Chini ya 5.5, madini ya alumini, ambayo ni sehemu ya kawaida ya udongo na kwa kawaida hayamdhuru yeyote, huanza kuyeyuka. Yakishayeyuka huunguza ncha za mizizi, nayo mizizi huacha kurefuka. Papo hapo alumini na chuma huikamata fosforasi na kuigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka. Maharagwe huumia mapema zaidi, kwa kuwa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake hawapendi asidi. Pasua vinundu hivyo maharagwe yanapoanza kutoa maua. Vikiwa na rangi ya waridi ndani vinafanya kazi, na vikiwa vyeupe au vya kijivu havimsaidii mkulima kwa lolote.

Asidi huletwa na nini? Kwanza ni mvua, inayoosha kalisi na magnesi. Pili ni mavuno yenyewe: kila gunia na kila mzigo wa mabua unaoondoka shambani huondoka na madini, na mabua yakilishwa ng'ombe ambaye samadi yake hairudi shambani, hasara huwa maradufu. Tatu ni mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Naitrojeni hiyo iko katika umbo la amonia, na bakteria wa udongo wanapoibadilisha ili mmea uitumie, huachilia hidrojeni, ambayo ndiyo asidi yenyewe. Msimu mmoja au miwili hauonyeshi chochote. Miaka 20 mfululizo katika udongo ulioanza na upungufu wa kalisi, bila samadi wala chokaa, huonyesha.

Kutokana na hayo pamezuka uvumi mashambani kwamba DAP ni sumu. Si kweli. Katika udongo usio na asidi, ni mbolea nzuri yenye fosforasi nyingi. Kosa ni kuifanya ndiyo pekee, kila mahali, daima. Mwenye udongo wa asidi anaweza kupata fosforasi kutoka kwa TSP, ambayo haina amonia, na kukuzia kwa CAN, ambayo imechanganywa na chokaa ndani yake.

Tiba ni chokaa ya kilimo, ambayo ni mwamba wa chokaa uliosagwa. Humu nchini huchimbwa sehemu kama Koru, katika Kaunti ya Kisumu. Mkulima asiichanganye na chokaa iliyochomwa ya kupaka kuta, ambayo ni kali na inaweza kuunguza ngozi na mimea. Jinsi chokaa ilivyosagwa laini ndivyo inavyofanya kazi haraka. Chembe kubwa kama mchanga wa ujenzi zitakaa humo miaka bila faida.

Kiasi kinachohitajika hutegemea kipimo cha maabara, kwani mfinyanzi huhitaji zaidi kuliko mchanga ingawa pH ni moja. Kwa mfano, ukiambiwa tani mbili kwa hekta, hizo ni takriban mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari. Huo ni mzigo, na gharama ya lori mara nyingine huizidi ya chokaa yenyewe, hivyo majirani hufanya vyema kuagiza kwa pamoja. Chokaa humwagwa wiki kadhaa kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, na kuchanganywa hadi kina cha sentimita 15 au 20. Ikiachwa juu haifiki mizizini. Isichanganywe siku moja na samadi mbichi wala mbolea yenye amonia, kwa sababu naitrojeni hupaa hewani. Ikiwekwa vizuri, nguvu yake huendelea kwa misimu kadhaa.

Kuna wasioihitaji kabisa. Chai hustawi kati ya 4.5 na 5.5, na chokaa itaidhuru. Mananasi na mihogo huvumilia asidi. Viazi vikitiwa chokaa karibu na wakati wa kupanda hushambuliwa na ugonjwa wa upele wa ngozi, ambao huharibu bei sokoni. Aidha, anayezidisha chokaa huifungia mimea zinki na chuma, akawa ametoka motoni na kuingia kaangoni. Kwa mwenye bustani ndogo, jivu la kuni lililochekechwa hupunguza asidi na kuongeza potasiamu, mradi linyunyizwe kwa kiasi. Wakulima wa magharibi ya nchi wana pia alizeti ya porini, ile ya maua ya manjano inayoota kando ya njia na kwenye nyua. Majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu nyingi, na huoza upesi yakifukiwa. Taabu yake ni kukata na kubeba.

KUCHUKUA SAMPULI

Maabara za Kabete zilizo chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo KALRO, vyuo vikuu kadhaa na kampuni za kibinafsi hupima udongo kwa ada. Sampuli ikiwa mbovu, majibu yatakuwa mabovu vile vile, hata mashine ikiwa ya kisasa namna gani. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Udongo wapaswa kuchukuliwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, ili pawe na muda wa kupata majibu na kuweka chokaa. Kwa anayelenga masika, hiyo ni Januari au mapema Februari, na kwa mvua ya vuli ni Agosti. Gawa shamba kulingana na mteremko, rangi na historia. Katika kila sehemu tembea kwa kupindapinda kushoto na kulia, ukisimama mahali 10 hadi 15. Ondoa nyasi, chimba shimo lenye umbo la herufi V hadi kina cha sentimita 20, kisha kata kipande chembamba cha ukuta wake kutoka juu hadi chini. Epuka palipolala samadi, palipochomwa takataka, chini ya miti, kwenye vichuguu, vijia na ukingo wa ua. Anayepanda maparachichi au miembe achukue pia sampuli ya pili ya kina cha sentimita 20 hadi 50.

Vipande vyote vya sehemu moja huwekwa katika ndoo safi ya plastiki, huvunjwavunjwa na kuchanganywa. Udongo ukiwa mwingi mno, utandaze, uugawe mafungu manne, utupe mawili yanayoelekeana, na kuendelea hivyo hadi ibaki nusu kilo au kilo moja. Uanike kivulini, si juani wala jikoni. Kisha utie katika mfuko mpya ulioandikwa jina, mahali, kina, tarehe, zao lililovunwa na zao linalokusudiwa. Kosa ambalo limewapotosha wengi ni kubebea sampuli katika gunia lililokuwa na mbolea: maabara huripoti fosforasi tele, kumbe ni ya gunia.

Majibu yakirudi, tazama pH kwanza, kwa sababu nambari zote nyingine husomwa kupitia hiyo. Pili tazama kaboni ya udongo, inayoonyesha kiasi cha mboji. Ikiwa ya chini, hakuna mfuko wa dukani utakaoziba pengo hilo bila samadi, mabua yaliyoachwa shambani au mimea ya kufunika udongo. Fosforasi, potasiamu, kalisi na zinki hufuata. Ushauri unapaswa kutaja kilo kwa ekari na zao mahususi, na ukitaja jina la bidhaa moja tu, uliza kama anayekupimia ndiye pia anayekuuzia. Kipimo hurudiwa baada ya miaka miwili au mitatu.

UDONGO WA LORI MJINI

Jijini Nairobi, wanaoishi upande wa Kabete na Karen wana udongo mwekundu, lakini sehemu kubwa ya Embakasi, Syokimau na Kitengela ni mfinyanzi mweusi. Wengi huko hununua lori la udongo mwekundu na kuumwaga juu. Si wazo baya, ila mwingi wa udongo huo hutoka kwenye misingi ya majumba, mita kadhaa chini, ambako hakuna mboji wala uhai. Ni mwekundu mzuri wa kutazama na sukuma inakonda juu yake. Kabla ya kulipa, uliza ulichimbwa wapi, kisha panda maharagwe machache katika mkebe wa udongo huo na katika mkebe wa udongo ulioujua, uyatazame kwa wiki tatu. Samadi iliyooza vyema ikichanganywa na mfinyanzi ule mweusi katika vitalu vilivyoinuliwa mara nyingi hufaa zaidi na hugharimu kidogo. Asiyejua historia ya kiwanja chake, hasa palipokuwa na gereji au kazi ya betri, aombe pia kipimo cha risasi, kwani kipimo cha kawaida cha rutuba hakiitazami. Madhara ya sumu hiyo yalishuhudiwa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kazi ya kuyeyusha betri kuukuu ilichafua makazi ya watu.

Kwa ambaye hajaweza kulipia maabara msimu huu, shamba lenyewe linaweza kutumika. Tenga vipande vinne vya ukubwa sawa, hatua tano kwa tano, mahali ambapo udongo unafanana. Cha kwanza kisiwekwe kitu, cha pili kitiwe mbolea ya kawaida, cha tatu samadi na mbolea, na cha nne chokaa, samadi na mbolea, chokaa ikitangulia wiki kadhaa kabla ya mengine. Panda siku moja, mbegu moja, nafasi moja, na palizi iwe ya siku moja. Wakati wa kuvuna, kila kipande kikaushwe na kupimwa kando kwa mizani, na uzito uandikwe daftarini pamoja na bei ya kila kilichowekwa.